Chumba cha Mpangaji Mmoja

Alfajiri, kabla Lanet haijaamka na kupiga chafya,
kabla upepo haujalipandisha lile vumbi jeupe la ziwani
hadi kwenye madirisha yetu,
nafunga mlango wa stoo, nazima simu,
navaa miwani ya kusomea, na juu yake ile ya kujikinga.
Redio, hapana. Chai, baadaye.
Paka, toka.

Kibali changu ukutani: mhuri umefifia, bado unasomeka.
Maganda hamsini ya shaba yamesimama kwenye kibao,
vinywa wazi, kama makinda ya mbayuwayu.
Ni ya bastola ndogo. Ganda zima halizidi
pingili mbili za kidole changu cha mwisho.
Ndani yake mna chumba cha mpangaji mmoja.

Mezani, makopo matatu.

Ya kwanza ni vipande bapa, vyepesi
kama makapi ya wimbi yaliyosalia kwenye ungo.
Hasira za mkizi: inawaka kabla hujamaliza kuiamuru.
Kidogo tu chatosha, kopo moja lamaliza mwaka,
na bahili hulala usingizi mnono.
Okwemba aliipenda hii.

Ya pili ni vidonge vya mviringo, laini kama mbegu za mchicha.
Hutiririka kwenye kipimio bila ubishi,
mara ya kwanza na ya arobaini, uzito ni ule ule.
Ningeioa, kama ningekuwa naoa.
Lakini ni ya bastola za kifua kipana;
kwenye hii yangu huungua nusu tu,
huacha masizi na chembe mbichi
kama jiko la mkaa ulionyeshewa.

Ya tatu, basi tena.
Mapande makubwa, makavu, yenye vichwa vigumu.
Hukwama shingoni mwa kipimio, nakigonga kwa kifundo,
naipima kwa mizani, naipunguza, naiongeza,
mgongo unaniuma. Na bei yake!
Kwa bei hiyo ningenunua mbolea ya DAP.

Miaka ishirini na saba nilitunza maabara ya shule.
Nilipenda vitu vitulivu,
chupa zenye vibandiko, unga usiojitokeza.
Ningechagua utulivu hadi leo
lau si Jumapili ile, kwenye uwanja wa shabaha
chini ya Menengai.

Siku iliyotangulia Okwemba alipigiwa simu katikati ya kazi.
Shemeji yake, habari za ng'ombe.
Aliporudi mezani akatia tena palipokwisha tiwa,
na ile baruti ya haraka, ya kiasi kidogo,
ikakaa chini kabisa kwenye giza la ganda:
dozi moja au mbili, jicho halikuona tofauti.
Haikusema.
Ilikuja kusema mkononi mwake.

Siku hizi hunisalimu kwa kushoto.
Aliniletea mizani yake katika kikapu cha sukumawiki,
akauinua ule mkono wa vidole vitatu, akacheka:
"Mpangaji wa pili alikuja na kodi yake."
Mimi sikucheka. Nilimpa chai. Nilimwaga nyingine kwenye sahani.

Kwa hiyo nachukua kopo la tatu.
Hii kaidi, hii ya gharama, hii mmbeya.
Mapande yake hujaza chumba zaidi ya nusu;
nikikosea nikaitia mara mbili
itafurika mdomoni, itamwagika mezani,
itanitangaza mbele ya macho yangu mwenyewe,
na hicho ndicho ninachoilipia.

Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na —
"Mama Nanjala! Maziwa!"
Ni Jerotich, langoni, na chupa zake.

Tochi. Nachungulia ganda moja moja.
Yote yanaonekana sawa.
Nayaamini karibu kabisa.

Namimina yote, ganda baada ya ganda, koponi.
Nafunika kopo. Naenda kuchukua maziwa.
Nje vumbi limeshaanza kupanda.
Nitaanza na moja.